Nzinga, mama aliyetaka aitwe mfalme

Mwaka wa 1626, Wareno, wale ambao hapa kwetu wengi wanawaita Waportuge, walikuwa na mambo mengi ya kumshtaki Nzinga wa Ndongo. Alikuwa anapokea watumwa waliotoroka kutoka kwao. Alikataa kulipa kodi. Aliwavuta machifu waliokwisha kuapa kwa Ureno warudi upande wake. Lakini walipotaka kumtoa na kuweka mtu wao kwenye kiti, neno walilolitumia kwa raia lilikuwa lingine, fupi na rahisi kushika: huyu ni mwanamke, na mwanamke hatawali.

Mtu wa Kasindi hahitaji kufafanuliwa neno hilo. Kwenye mpaka, sokoni, kwenye depo, katika ofisi, mama akiwa ndiye mkubwa wa kazi, hakosi mgeni atakayemwangalia juu mpaka chini kisha aulize mkubwa yuko wapi. Na kuna wengine, wale ambao kwa mavazi ao kwa mwenendo watu hawajui kama wawaite baba ao mama, wanaoulizwa swali hilo kwa ukali zaidi. Nzinga aliulizwa karibu miaka 40, na waliomuuliza walikuja na bunduki. Maneno hayakutosha kuwajibu, na yeye alijua hivyo. Alichukua ile kazi yenyewe ya ufalme, pamoja na mavazi yake, majina yake, vita yake na hata chumba chake cha kulala, akajivika yote, kisha akawalazimisha watu wa nyumba yake waishi kufuatana nayo.

Mengi tunayoyajua juu yake yaliandikwa na watu wa nje: magavana wa Ureno waliopigana naye, ofisa mmoja wa Uholanzi aliyekaa katika kambi yake, na mapadri wawili Wakapuchini kutoka Italia, Antonio da Gaeta na Giovanni Antonio Cavazzi, waliokuwa naye katika uzee wake. Cavazzi hasa alipenda kuandika mambo ya kuwatisha wasomaji wa Ulaya. Kwa hiyo habari hizi inafaa kuzichuja, kama vile mtu anachuja kasiksi. Lakini watu hao, ambao wengine walikuwa maadui kati yao, wanapatana juu ya mambo makubwa.

Binti aliyekaa na wazee

Ndongo ilikuwa ufalme wa watu wanaosema Kimbundu, katikati ya mito Lukala na Kwanza, katika Angola ya leo, nchi inayopakana na yetu kwa zaidi ya kilometa 2,500. Mwami wao aliitwa ngola. Wareno walisikia hilo jina la cheo, wakalifanya jina la nchi nzima. Walijenga mji wa Luanda kando ya bahari mwaka wa 1576, na kazi yao kubwa huko ilikuwa kununua na kukamata watu, kuwapakia katika meli na kuwavusha bahari ya Atlantiki, wengi mpaka Brazili. Hata wale Waafrika 20 na zaidi waliofikishwa Virginia mwaka wa 1619, ambao Wamarekani weusi wanawakumbuka kama wa kwanza, walitoka katika meli iliyopakia watu Luanda.

Nzinga alizaliwa karibu mwaka wa 1582, miaka michache tu kisha Luanda kujengwa. Inasimuliwa kwamba alitoka tumboni kamba ya kitovu imemzunguka shingo, na jina lake linahusiana na kule kuzunguka. Baba yake, Mbande a Ngola, alimpenda sana. Alimwacha akae karibu wakati wazee wanakata mashauri, na ule binti akajifunza pia kupiga shoka la vita, silaha ya heshima ya Ndongo. Ni jambo la kuweka akilini, maana watu wengine wanasimulia Nzinga kama vile alianza kujifanya mwanaume siku moja tu, ghafla. Kazi ya ufalme aliijua tangu utoto, toka ndani.

Mwaka wa 1617 baba yake aliuawa. Ndugu yake, Ngola Mbande, akashika kiti na kuanza kuondoa kila mtu ambaye angeweza kumpinga. Mtoto mchanga wa Nzinga akauawa. Nzinga na dada zake wawili, Kambu na Funji, wakatendewa ukatili ili wasizae tena. Ndivyo Cavazzi alivyoandika, na kweli hakuna mahali popote panapotajwa mtoto wa Nzinga kisha hapo. Siku hizo hizo Wareno, wakisaidiwa na vikosi vya Imbangala, waliingia Ndongo kwa nguvu, wakajenga ngome ndani ya nchi na kukamata watu kwa maelfu. Ngola Mbande akakimbilia visiwa vya mto Kwanza. Alipoona vita imemshinda, alimkumbuka dada yake.

Kiti cha Luanda

Mwaka wa 1622 Nzinga akafika Luanda kama mjumbe wa ndugu yake, na kundi kubwa la watu nyuma yake. Gavana João Correia de Sousa alimpokea akiwa ameketi katika kiti chake kizuri. Kwa mgeni hapakuwa na kiti. Walitandika zulia chini, kama walivyozoea kuwafanyia machifu waliokwisha kushindwa. Nzinga akatazama, akamfanyia ishara mmoja wa wanawake aliokuja nao. Ule mwanamke akapiga magoti na kuweka mikono chini, na Nzinga akaketi mgongoni mwake, uso wake sawa na uso wa gavana. Alikaa hapo mpaka mazungumzo yakamalizika.

Watu wengi wakisimulia habari hii wanacheka na kufurahi, na kweli inafurahisha kuona mwenye kiburi anapata mwenzake. Lakini kulikuwa na mtu chini ya ile heshima. Jina la ule mwanamke hakuna aliyeliandika, na mgongo wake ndio uliofanya kazi ya kiti kwa muda wote huo. Ukisoma maisha ya Nzinga mpaka mwisho utakutana na migongo ya namna hiyo mara nyingi.

Katika mazungumzo yenyewe alishikilia jambo moja: Ndongo ni nchi huru, haijashindwa, kwa hiyo haiwezi kulipa kodi kama nchi iliyoshindwa. Alitaka ngome iondolewe na watu waliokamatwa warudishwe. Akakubali pia kubatizwa, akapewa jina la Ana de Sousa, na gavana mwenyewe akawa baba yake wa ubatizo. Ule mkataba haukutekelezwa. Lakini Nzinga alirudi nyumbani na kitu kingine: alikuwa ameona kwamba Mzungu anaheshimu ule anayekataa kukaa chini, na pia kwamba jina la Kikristo ni silaha, linaweza kuvaliwa na kuvuliwa kufuatana na siku.

Walipomkatalia kiti

Ngola Mbande alikufa mwaka wa 1624. Wengine walisema alijiua kwa sumu, wengine walisema dada yake ndiye aliyemtilia. Alikuwa ameacha mtoto mdogo wa kiume, akilelewa na kapiteni mmoja wa Imbangala jina lake Kasa. Nzinga alianza kwa kutawala kama mlezi, eti anamshikia mtoto nafasi. Kisha akakubali kuolewa na Kasa, akampata ule mtoto mikononi mwake, na mtoto akauawa. Hapana namna ya kulipamba jambo hilo. Ndugu yake alikuwa amemuulia mwana, naye akamuulia ndugu yake mwana. Na kisha hapo hakujiita tena mlezi.

Ndipo lile neno la mwaka wa 1626 likatoka. Gavana mpya, Fernão de Sousa, alituma jeshi likamfukuza kutoka visiwa vya Kwanza. Wareno wakamweka mfalme wao, Hari a Kiluanje, ambaye ndui ilimuua mara moja, kisha wakamweka mwingine, Ngola Hari, wakambatiza Filipe. Watu wengi wa Ndongo walimdharau ule Filipe. Lakini alikuwa mwanaume, na wale waliochoka na vita walipata pale sababu ya kumfuata bila haya. Nzinga alikuwa amezaliwa katika nyumba ya mfalme, alikuwa na akili kuliko wote waliogombea, alikuwa amekwenda Luanda na kurudi na heshima. Bado ile sababu moja ilitosha kumfunga mlango. Dada zake wawili wakashikwa na Wareno mwaka wa 1629. Yeye akakimbia kuelekea mashariki akiwa na watu wachache.

Huko alifanya jambo ambalo wengi wa ukoo wa kifalme wasingelithubutu. Akajiunga na Imbangala, wale wale waliokuwa wamesaidia kuharibu nchi yake. Imbangala walikuwa watu wa vita tupu. Hawakuwa na kijiji cha baba wala shamba la babu. Waliishi katika kambi inayohamahama, iitwayo kilombo. (Neno hilo lilivuka bahari pamoja na watumwa, na Brazili mpaka leo vijiji vya watoto wa watumwa waliotoroka vinaitwa vivyo hivyo.) Katika kilombo hakuna aliyekuuliza baba yako alikuwa nani. Walitazama kama unaweza kupigana na kuongoza. Kwa mtu ambaye wazee wa Ndongo walikuwa wanamhesabia uzao na uanamke wake, kambi hiyo, pamoja na ukali wake wote, ilikuwa ofisi ya kwanza iliyompima kwa kazi.

Karibu mwaka wa 1631 akashinda ufalme wa Matamba, upande wa mto Kwango ambao leo unagusa mpaka wa Congo yetu. Matamba ilikuwa imezoea kutawaliwa na wanawake. Nzinga alikaa hapo, akapumua, akajenga jeshi lake.

Bwana mwenye wake waliokuwa wanaume

Ni katika miaka ya 1640 ndipo habari zinaanza kusema wazi kwamba Nzinga aliamua kuwa mwanaume. Mwaka wa 1641 Waholanzi walikuwa wamewanyang'anya Wareno mji wa Luanda, na Nzinga akafanya urafiki nao haraka. Kikosi kidogo cha askari wa Uholanzi kilitembea pamoja na jeshi lake, na ofisa wao alieleza aliyoyaona. Maneno yake yakachapishwa Amsterdam mwaka wa 1668, miaka mitano kisha Nzinga kufa.

Ule ofisa alieleza kwamba alikuwa na vijana wa kiume karibu 50 ao 60 mahali pa mume. Aliwavalisha nguo za kike. Yeye mwenyewe alivaa nguo za kiume, na alisema kwamba yeye ni mwanaume na wao ndio wanawake. Kabla ya vita alitokea mbele ya jeshi amevaa ngozi za wanyama, upanga shingoni, shoka mkanda wa kiunoni, upinde na mishale mkononi, akirukaruka huku na huku kama kijana. Wakati ule alikuwa amepita miaka 60. Mzee wa miaka 60 anayeruka namna hiyo mbele ya maelfu ya askari hafanyi mchezo wa kufurahisha wageni. Ndivyo mfalme wa vita wa Ndongo alivyotakiwa kujionyesha, na askari waliokuwa wanamtazama walijua kuisoma ile alama.

Kwa mapadri tunapata habari za nyumbani. Waume zake walilala chumba kimoja na wanawake wa ulinzi wake, na walipaswa kukaa kama wanawake kati ya wanawake. Aliyemgusa mmoja wao kwa tamaa alihatarisha maisha yake. Nzinga alikuwa pia na kikosi cha wanawake wenye silaha waliomlinda. Ebu tufikiri hesabu aliyoifanya. Mfalme wa Ndongo alikuwa na wake wengi. Yeye pia lazima awe nao. Mke wa mfalme anavaa kike. Wake zake watavaa kike. Mfalme anaongoza vita. Yeye atakwenda mbele. Kila kitu ambacho watu walizoea kukiona mbele ya mfalme walikiona. Kilichobaki ni mwili wake tu, na juu ya mwili hakuna aliyethubutu kusema kwa sauti.

Hapa lugha yenyewe inasaidia kuelewa. Kimbundu ni ndugu wa Kiswahili na wa Kinande: ukisema amefika, ametawala, amekasirika, neno halionyeshi kama ni mwanaume ao mwanamke. Wale mapadri, wakiandika Kiitaliano, walilazimika kuchagua kwa kila mstari, naye wakamwandika kama mwanamke mpaka mwisho. Watu wa kambi yake hawakuwa na shida hiyo katika kusema. Shida yao ilikuwa katika cheo, katika kiti, katika nani anainama mbele ya nani, na ndiko Nzinga alikopiga.

Wala si jambo geni kabisa kwa pande zetu. Ukivuka mpaka wa Kasindi na kwenda mbele mpaka Buganda, binti za Kabaka waliitwa ssebo, neno wanaloitiwa wanaume. Huko Rwanda na Burundi, katika ibada ya kubandwa, mwanamke aliyeingiwa na roho aliweza kukaa na kutendewa kama mwanaume kwa muda wa ibada ile. Desturi zetu za zamani zilikuwa na milango midogo ya namna hiyo, iliyofunguliwa kwa siku fulani ao kwa watu wa nyumba fulani. Nzinga yeye aliuchukua mlango kama ule na kuufanya njia ya kila siku, kwa miaka.

Leo kuna wanaobishana: je, moyoni mwake alijiona mwanaume, ao ilikuwa akili ya siasa tu? Maneno tunayotumia siku hizi kwa watu wasiokaa upande mmoja hayakuwako wakati wake, na kumbandika moja lao ni haraka. Tunaloweza kuona ni matendo, na katika matendo hakukaa upande mmoja. Katika kambi alikuwa mfalme mwenye wake waliovalishwa kike. Katika barua zake kwa magavana alijiita Ana, malkia wa Kikristo. Alijua kwamba Mreno anahitaji kusoma jina analolielewa, na askari wake wanahitaji kuona mfalme. Hakuona kwamba jambo moja linalifanya lingine kuwa uongo.

Lakini yote hayo yasingemsaidia kama angeshindwa kazi yenyewe. Mwaka wa 1644 alilipiga jeshi la Ureno huko Ngoleme. Mwaka wa 1646 wakamshinda Kavanga, wakaingia kambini, wakamkamata tena dada yake Kambu. Katika karatasi zilizopatikana pale waligundua kwamba Funji, dada mwingine ambaye alikuwa mfungwa kwao, alikuwa anatuma habari za siri kwa Nzinga. Wakamtosa katika mto Kwanza. Mwaka uliofuata Nzinga, pamoja na Waholanzi, akawashinda Wareno tena. Kisha mwezi wa nane 1648 meli za Salvador de Sá zikafika kutoka Brazili, Waholanzi wakafunga mizigo na kuondoka Luanda, na Nzinga akabaki peke yake. Akarudi Matamba bila kushikwa. Gavana baada ya gavana alitafuta kumkamata, na hakuna aliyefaulu.

Mkataba, na bei yake

Alipozeeka, jambo lililomkaa moyoni lilikuwa kumkomboa Kambu, ambaye Wareno walimwita Barbara na kumshikilia Luanda miaka 10. Mazungumzo yalikuwa marefu, na mapadri wakawa wapatanishi. Mwezi wa kumi 1656 mkataba ukawekwa. Kambu akarudishwa. Bei yake ilikuwa watumwa 130.

Hapo ndipo wengi wanaomsifu Nzinga wanapenda kuruka mstari. Aliyepokea watumwa waliotoroka kwa Wareno aliuza pia watumwa, kwa Waholanzi na kwa Wareno, na vita vyake vilimpa watu wa kuuza. Alimtoa dada mmoja kwa watu 130 ambao walikuwa dada na ndugu za wengine. Alikuwa mfalme kama wafalme wa wakati ule, katika mambo mazuri na katika mabaya pia. Ukitaka kumpa cheo chote cha mfalme, mpe na deni lake.

Katika amani ile alikubali kurudi katika Kanisa. Mapadri walitaka aache mambo ya kilombo na wale waume wengi. Mwaka wa 1657, akiwa na miaka karibu 75, akafunga ndoa ya Kikristo na mwanaume mmoja tu, kijana wa nyumba yake. Akajenga kanisa katika mji wake, Santa Maria wa Matamba, na kukataza mambo mengi aliyoyafanya yeye mwenyewe akiwa Imbangala. Unaweza kusema kwamba mwishoni walimshinda, wakamrudisha kuwa mke wa mtu. Lakini hesabu vizuri. Mkataba ulimtambua kama mtawala wa Matamba, yule yule waliyesema hawezi kutawala. Kodi ile waliyoidai tangu 1622 hakuilipa. Na bwana wa ndoa hakupata ufalme. Mkubwa wa nyumba alibaki mama mzee. Kufika hapo hakuna aliyekuwa bado anauliza kama ana haki ya kuamuru, kwa hiyo nguo za kiume aliweza kuziweka kando.

Nzinga alikufa tarehe 17 mwezi wa 12 mwaka wa 1663, akiwa na miaka karibu 81, kitandani mwake, nchi yake ikiwa huru. Padri Cavazzi alikuwapo, ndiye aliyesimamia mazishi. Luanda, ule mji ambamo walimtandikia zulia chini, ilimsimamishia sanamu kubwa mwaka wa 2002.

Waliokuja nyuma yake ndio wanaoonyesha alichokibadilisha. Kambu, dada aliyekombolewa, alishika kiti mara moja, naye akafa mwaka wa 1666. Kukawa na magombano na wanaume wakatawala kwa muda. Kisha mwaka wa 1681 akaingia malkia Verónica, akatawala miaka 40 mpaka 1721. Katika miaka 104 iliyofuata kifo cha Nzinga, wanawake walikaa kwenye kiti hicho kwa miaka isiyopungua 80. Nao hawakulazimika kuwavalisha waume zao nguo za kike ili wasikilizwe.